Hebu angalia chini

Jamani leo niandike kuhusu kope maana hii kitu imeniuma. Wiki iliyopita nimempima mama mmoja, macho mekundu, yanawasha hasa asubuhi akiamka, ameshatumia matone ya aleji chupa kwa chupa, akaambiwa ni macho makavu akanunua na machozi ya bandia, wapi. Nikamweka kwenye darubini akatazama mbele, jicho lenyewe wala halina shida kubwa. Nikamwambia mama hebu angalia chini. Hapo ndo mashina ya nywele za kope ya juu yakajitokeza yote, kila unywele umezungukwa pale unapotokea na kigamba cheupe kama nta, kimeubana kama kola ya shati.

Ukiona hivyo ujue ni utitiri, vidudu vinavyoitwa demodeksi. Wana miguu minane, urefu milimita 0.3 hivi, kwa macho matupu huwaoni, wanakaa kwenye vitundu vya nywele na wengine wanazama kwenye tezi za mafuta za kope, na uchafu wao, mayai na seli zilizokufa ndo vinajikusanya kuwa hicho kigamba. Mba wa kawaida wa kope unatawanyika ovyo, huu unazunguka shina. Huhitaji hata kung'oa unywele, ni kuangalia chini tu, sekunde chache! Nikifikiria wangapi niliwapa dawa ya aleji miaka yangu ya kwanza kazini bila kuwaambia hilo neno moja, roho inaniuma kweli.

Mama akanyamaza, halafu akauliza taratibu, "Daktari, mimi si ninaoga kila siku?" Nikamwambia mama sio uchafu, watu wazima wengi wanao na umri ukienda wanaongezeka, shida ni wakizidi, kope inavimba, nywele zinapinda, nyingine zinang'oka.

Dawa zipo, Marekani mwaka 2023 walipitisha matone ya lotilaneri, mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Ila msipake mafuta ya mti wa chai yasiyochanganywa, yanaunguza jicho, yatumike yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya kope tu.

Alipotoka alikuwa ameshatoa wanja wake kwenye mkoba, akaniuliza pipa la taka liko wapi.