Manowari haiko kwenye AIS: shika dira yako

Afisa wa zamu aliyezoea kusoma jina, kasi na uelekeo wa kila meli kwenye skrini ya AIS (mfumo wa meli kujitangaza zenyewe kwa redio) hupata taabu akikutana na manowari. SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, hauzilazimishi meli za kivita kutangaza zilipo, na mara nyingi zinapokea tu bila kutuma. Kwenye rada nako alama yake inaweza kuwa ndogo, ukaidhania boti ya uvuvi.

Usiku, taa zake hupotosha. Meli ya biashara yenye mita 50 au zaidi huwa na taa mbili nyeupe za mlingoti, ya nyuma juu kuliko ya mbele, na nafasi iliyo kati yake hukuonyesha imeelekea wapi. Manowari yaweza kuwa na moja tu, au mbili zilizobanana, kwa sababu ya umbo lake. Kanuni ya 1 ya COLREG, kanuni za kimataifa za kuzuia meli kugongana, inaruhusu. Frigeti, aina ya manowari, ya mita 130 huonekana kama chombo kidogo kilicho mbali.

Kwa hiyo pima kwa dira. Ikiwa bado maili 8, soma iko digrii ngapi, kisha rudia kila dakika 2 au 3. Umbali ukipungua na digrii zikabaki zilezile, mtagongana. Wewe unakwenda maili 15 kwa saa, yeye 25, mnakabiliana: maili 6 zinaisha kwa dakika 9. Geuka mapema, tena kwa digrii 30 au zaidi. Kugeuka digrii 5, halafu 5 nyingine, hakuna atakayekuona.

Ukiwa kuliani kwake, yeye ndiye wa kupisha. Shika njia na kasi yako, ila usimng'ang'anie haki hiyo. Akichelewa, piga honi 5 fupi za haraka. Kanuni ya 17 inakuruhusu kuchukua hatua, bila kugeukia kushoto. Juni 2017 manowari ya Marekani USS Fitzgerald haikuipisha meli ya makontena ACX Crystal karibu na Japani, zikagongana, wakafa mabaharia 7 wa Fitzgerald.

Redio ya VHF sipendi itegemewe. Novemba 2018 huko Norwei, tanka la mafuta la Sola TS liliondoka gatini taa za sitaha zikiwaka, zikafunika taa zake za njia. Frigeti Helge Ingstad, AIS yake ikiwa haitumi, ilidhani mwanga ule ni kitu kilichosimama, na ilipoitwa redioni ikadhani inaongea na meli nyingine, zikagongana. Zima taa za sitaha kabla ya kuondoka.

Manowari zikisafiri kwa kundi, zunguka, usipite katikati. Meli ya kubeba ndege hugeukia upepo ghafla inaporusha ndege. Ukiona taa nyekundu, nyeupe, nyekundu zikiwa wima, mwenye meli hiyo hawezi kugeuka kwa urahisi, mpishe. Taa tatu za kijani ni mteguaji wa mabomu ya baharini: usimkaribie ndani ya mita 1,000.