Barua niliyoikuta jana

Jana umeme umekatika nikawa napekua makaratasi kwa tochi ya simu, nikaikuta ile barua ya kunitoa kazini, ya Februari 2009. "Kutokana na hali ya uchumi duniani", ndo inavyoanza. Nilikuwa fundi haidroliki kwenye karakana moja ya mitambo hapa Dar, mkataba wa miezi mitatu mitatu, miaka minne nzima naongezewa tu.

Kinachonichekesha, mwezi mmoja kabla mimi ndo nilikuwa nasimulia habari za wenzangu. Jumatatu tarehe 26 Januari Caterpillar, kampuni ya mitambo ya Marekani, enzi hizo makao yao Peoria, Illinois, walitangaza wanapunguza watu kama 20,000, nikaleta habari kwenye chai, hakuna aliyeamini, maana kwetu katapila sio kampuni, ni mtambo wenyewe, hata Komatsu ya Wajapani ikipita mtaani watoto wanapiga kelele katapila katapila, sasa kitu kama hicho kinaishiwaje hela? Na 2008 walikuwa wameuza kuvunja rekodi yao, zaidi ya dola bilioni 51! Ila mabenki yalishayumba tangu Lehman, ile benki kubwa ya Marekani, ianguke Septemba, mikopo ikakauka, shaba ikaporomoka bei, migodi ikaahirisha oda. Asiyejenga hanunui greda.

Katika wale 20,000, kama 8,000 hawakuwa hata waajiriwa wa Caterpillar, ni watu wa muda walioletwa na mawakala. Hapo nilisoma nikapita tu, jamani, na mkataba wangu wa miezi mitatu mfukoni.

Halafu Obama akaenda East Peoria 12 Februari kuupigia debe mpango wake wa kufufua uchumi, akasema bosi wao Jim Owens kamwambia ukipita atarudisha baadhi ya watu. Siku hiyohiyo Owens kaulizwa, akasema kabla ya kurudisha huenda wakapunguza tena. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Wiki iliyofuata kibarua changu nacho kikaota nyasi. Mlinzi wa getini, ambaye kila asubuhi ananiita braza, siku hiyo akasema "fundi, subiri hapo kidogo". Kiinua mgongo hakuna, eti sijapunguzwa, mkataba umeisha. Wenzangu wa kudumu walikaliwa kikao na chama cha wafanyakazi, mimi nikakaliwa na mlinzi. Mama watoto sikumwambia mpaka Ijumaa, nilikuwa natoka asubuhi na ovaroli kama kawaida naenda kukaa feri.

Boksi langu la spana nililifuata baada ya siku tatu. Namba 19 haikuwemo.