Usiku Jina la Mwanangu Lilipoitwa Kambini

Mzazi wa kwetu akisikia mtoto ameteuliwa kuingia chama chenye sherehe za usiku kando ya moto, lazima moyo ushtuke. Kaka yangu aliyeko Nyeri aliniuliza bila kuzunguka: "Dada, una uhakika hao si watu wa mambo ya giza?" Nilimjibu kwa simu hadi chaji ikaisha. Naandika na hapa, kwa sababu Waafrika Mashariki wengi huku Pennsylvania wana watoto skauti.

Chama chenyewe kinaitwa Order of the Arrow, na ni chama cha heshima ndani ya skauti wa Marekani. Kilianzishwa Julai 1915 na E. Urner Goodman na Carroll Edson katika kambi ya Treasure Island, kisiwa kilicho ndani ya mto Delaware. Mzazi hafichwi chochote: ukitaka kujua kinachofanyika, unauliza na unaelezwa. Mimi niliuliza.

Kilichonigusa ni namna mtoto anavyoingia. Mzazi hawezi kumwombea nafasi, na pesa haziwezi kumnunulia. Sharti awe amefika daraja la First Class, awe amelala kambini siku za kutosha, na kiongozi wa kikosi amkubali. Baada ya hapo wanaoamua ni watoto wenzake, kwa kura, hata wale ambao wao wenyewe si wanachama, na ni lazima apate angalau nusu. Hao ndio waliomwona hema likivuja usiku, zamu ya kusugua sufuria ikiwa yake, mdogo mmoja akilia kwa kukumbuka kwao. Mama anaweza kuonyeshwa adabu nzuri wiki nzima. Wenzake waliolala naye hema moja hawadanganyiki.

Kwa kikosi chetu matokeo yalifichwa mpaka usiku wa familia, kambi ya kiangazi ikikaribia kwisha. Wazazi tulikalia magogo kando ya ziwa, mbu wakitushughulikia. Vijana waliovaa ukanda mweupe wenye mshale mwekundu wakawasha moto, kisha wakaanza kuita majina. Lilipotoka la mwanangu, nilisimama nikapiga vigelegele vitano, kama tunavyopiga kwetu Ukikuyuni mtoto wa kiume akizaliwa. Watu waligeuka wote. Sikujali hata kidogo.

Nilimwaza baba. Alikuwa skauti wa Nyeri, mji alikozikwa Baden-Powell mwaka 1941, na kila Februari skauti wakija kaburini kumkumbuka mwanzilishi wao, alitupeleka kuwatazama wakipita na skafu zao shingoni. Alifariki kabla mjukuu wake hajavaa sare. Angeujua uzito wa kura hizo kuliko mimi.

Ila kuitwa jina si kuingia. Bado kuna jaribio lenyewe: kulala peke yake nje, kisha siku nzima ya kazi kambini, akinyamaza na kula kidogo. Atatengeneza njia, atabeba mbao, chochote kambi inachohitaji. Kaka yangu aliposikia hivyo alicheka, akasema hapo sasa ameelewa, huo ni utu uzima. Wikendi hiyo ni Septemba. Nimeshabadilishana zamu na mwenzangu kazini ili nimpeleke mwenyewe, na mfuko wa kulalia ulio mzito zaidi nimeununua.