Tope la Mukono

Kondakta aliniapia kwa jina la mamake kwamba tukifika Mukono, mji wa Uganda nilikokuwa nakwenda kutazama mieleka, ataniamsha. Nilimwambia Nairobi kabla sijapanda, nikamkumbusha Busia tulipokuwa tukirudi garini baada ya mambo ya mpakani, nikamkumbusha mara ya tatu pale Jinja, tukiwa juu ya daraja jipya la Mto Nile. Kila mara alinijibu, "Usijali, kaka." Baada ya Jinja barabara inaingia msitu wa Mabira, kivuli kitupu, na mimi sikuwa nimelala tangu Nakuru kwa sababu ya kiti kisichorudi nyuma wala kukaa wima. Usingizi ukanichukua. Nilipofumbua macho niliona maghorofa na foleni ya magari, bodaboda zikipenya katikati. Tulikuwa tunaingia Kampala.

Anayetoka Kenya kwa barabara huipita Mukono kwanza, ndipo afike Kampala, na kati ya miji hiyo miwili ni kilomita kama 20. Nilikuwa nimepitishwa mlangoni pa nilikokuwa nakwenda. Nikamfuata kondakta. Akasema Mukono na Kampala ni kitu kimoja, nipande gari nirudi. Nikamwambia sawa, nipe basi nauli ya kurudia, maana nimekulipa nauli kamili ya Kampala na nilikuwa nashukia Mukono. Akaangalia pembeni. Nikasimama pale mlangoni na begi langu, abiria wakinisukuma washuke, nikarudia maneno yale yale mpaka sauti ikanikauka. Hakunijibu hata neno.

Matatu za kule wanaziita taksi, na nauli ya kurudi ilikuwa shilingi 5,000 zao, kama 180 za kwetu. Si pesa nyingi. Lakini taksi haiondoki mpaka ijae, na ilipojaa tukaingia kwenye foleni, jua likiwa limeshapanda. Nilipoteza saa tatu. Kwa saa hizo tatu nilikosa jambo nililolitamani kuliko yote, nalo ni kuwaona wanamieleka asubuhi wakiuandaa ulingo wao.

Nilikuwa nimetoka Nairobi kwenda kutazama mieleka. Mukono kuna vijana wa Soft Ground Wrestling, walioanza mwaka 2023 chini ya Daniel Bumba, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Bumbash. Ulingo wa mieleka tunaouona kwenye runinga ni vyuma, juu yake mbao, juu ya mbao sponji nyembamba, halafu turubai, na vijana hawa hawakuwa na pesa za kununua kitu kama hicho. Wakachimbua ardhi, wakailainisha kwa maji mpaka ikawa tope, wakasimamisha nguzo za miti pembe nne, wakazungushia kamba. Video zao zikazunguka dunia nzima. Ya kwanza kunifikia ilitumwa na mtoto wa khalati yangu, yaani dada ya mamangu, yuko Likoni, Mombasa, usiku wa manane, bila neno lolote chini yake.

Huyu lazima nimweleze.

Tulipokuwa wadogo Likoni kulikuwa na kibanda cha video, kiingilio shilingi tano, na kanda zilizokuwa zimechakaa mpaka picha inatetemeka. Huko ndiko tulikomwona Kamala, waliyemwita Jitu la Uganda. Miguu peku, kinyago, mkuki mkononi, nyota na mwezi zimechorwa kifuani na tumboni. Hakusema lugha yoyote. Alinguruma na kujipiga tumbo. Akimwangusha mtu alimlalia mgongoni, mtu mwenyewe akiwa kifudifudi, kwa sababu eti hakujua kwamba mshindi ni yule anayebana mabega ya mwenzake chini. Msimamizi wake alihangaika kando kumwonyesha kwamba mtu hugeuzwa. Sisi tuliamini. Uganda ni jirani zetu, na tuliamini.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba yule alikuwa James Harris, Mmarekani mzaliwa wa Mississippi, na kwamba jina hilo na rangi zile alipewa Memphis mwaka 1982. Alifariki mwaka 2020. Yeye sina kinyongo naye, alikuwa kazini. Kinyongo changu ni kwa walioketi wakakubaliana kwamba Mganda ni mtu asiyejua kumlaza mwenzake chali.

Katika michezo yetu mtoto wa khalati ndiye aliyekuwa Kamala, kwa kuwa alikuwa mnene. Tulimchora kifua kwa chokaa. Siku zote tulipigana ufuoni, maji yakipwa, kwenye ule mchanga mbichi ambao ukianguka unabaki na umbo lako. Siku moja maji yalikuwa yamejaa, tukapigania barazani, juu ya saruji. Mimi ndiye niliyemwinua. Nilisikia mfupa wa mtulinga ukikatika. Hadi leo mkono wake wa kushoto haupiti bega. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ananitumia video.

Kwa hiyo nilipofika, alasiri, kitu cha kwanza nilichokitazama kilikuwa ardhi. Tope lilikuwa la rangi ya hudhurungi iliyokolea, linang'aa. Vijana wawili walikuwa wamepiga magoti ndani yake, wanaenda polepole kutoka kamba hadi kamba, vidole vimezama, wanalichana kama mtu anayechagua mchele. Walikuwa wanatafuta mawe. Mmoja akatoa kizibo cha soda, akakifuta kwa kidole gumba, akakitia mfukoni. Wakageuka wakarudi tena njia ile ile, wakaanza upya. Sijui kama walijua kuna mtu anawatazama. Mimi nilishindwa kutazama kitu kingine.

Watu walikuwa wengi, watoto wamebanana kwenye kamba. Nikasogea mbele, mkono ukanishika shati kwa nyuma.

"Kaa hapa, kijana. Pale tope itaingia kwa macho."

Alikuwa mwanamke mzee, beseni la karanga mapajani, zimefungwa kwenye karatasi zilizosokotwa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akacheka. Akaniambia yeye ni jajja, yaani nyanya, na Kiswahili alikipata kwa mumewe aliyekuwa askari. Kilikuwa Kiswahili cha kambini kweli, kila sentensi kama amri. Alipozungumza nami alishusha sauti, nikamuuliza sababu. Akasema hapa mtu akikusikia na Kiswahili anashika mfuko wake kwanza, maana walikisikia kwa wanajeshi na kwa wezi. Mimi nimekulia katika lugha hii, nimesomewa dua ndani yake, nimebembelezewa ndani yake, na maneno hayo yaliniuma. Nikanunua karanga za shilingi 1,000 nikakaa chini alivyoamuru.

Mechi za kwanza zilipita haraka, na sitazieleza. Vijana waliruka kutoka kwenye nguzo, watu walipiga kelele, mtangazaji hakunyamaza. Iliyonibakia ni moja, ya wasichana wawili, jua likiwa limeshuka usawa wa migomba.

Mmoja alikuwa mrefu, bukta nyekundu. Mwingine mfupi, nywele zimesukwa mistari, na mistari yenyewe tayari imejaa tope. Yule mrefu alimtesa kwa muda. Alimburuta, akamkalia mgongoni, akamvuta kidevu huku akituangalia sisi ili tumchukie. Tulimchukia. Jajja alikuwa akimpigia kelele kwa Kiganda, akinisahau kabisa. Kisha yule mrefu akamwinua mwenzake mabegani, akasimama naye. Kwa kitambo kidogo hakuna aliyepumua. Nilijua mshindi huwa wamekubaliana, hilo kila mtu mzima analijua. Lakini mwili ukishaachiliwa hewani unashuka kwa uzito wake wote, na mimi nilifumba macho.

Sikusikia mfupa. Nilisikia tope likipokea, mlio mzito kama donge la mkate wa kusukuma likibwagwa mezani, halafu pumzi ndefu ya msichana ikitoka yote kwa pamoja. Nilipofumbua, alikuwa chali, mikono ameitandaza pande zote mbili, na chini yake umbo lake lilikuwa limechongeka mzimamzima. Nikaukumbuka ule mchanga wetu wa Likoni.

Yule mrefu alipomjia, yule mfupi alimnasa mguu, akambwaga kifudifudi. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo nadhani wengine pale hawakulitilia maanani. Akaingiza mkono wake chini ya bega la mwenzake, taratibu, kwa ustadi, akamgeuza. Mabega yote mawili yakagusa tope. Watoto wakaanza kuhesabu na refa, nami nikahesabu nao, "Emu! Bbiri! Ssatu!" Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema hivyo. Miaka yote ile ya kibanda cha video nilioneshwa kwamba Mganda hajui hilo.

Giza lilipoanza kuingia waendesha boda walizisogeza pikipiki zao wakawasha taa kuelekea ulingoni, na mechi ya mwisho ikapiganwa hivyo, vivuli vikubwa vikirukaruka kwenye migomba.

Baadaye nikamkuta yule msichana mfupi kwenye ndoo ya maji, anaosha masikio. Jajja akatutafsiria. Nilimuuliza swali moja tu: unaangukaje? Hakucheka. Aliweka kidevu kifuani, akanionyesha kwamba kichwa kisiende nyuma. Akapuliza hewa yote nje. Akapiga mapaja kwa viganja, maana yake mikono ipige ardhi wakati mmoja na mgongo ili uzito ugawanyike. Kisha akasema kitu kirefu, Jajja akakifupisha: "Anasema ule anabebwa ndiye anaruka. Ule anabeba kazi yake ni kulinda shingo ya mwenzake."

Barazani Likoni mtoto wa khalati hakuruka. Hakuambiwa aruke. Nilimnyanyua kwa nguvu zangu nikamwachia, kwa sababu kwenye kanda ile nilikuwa nimeona kunyanyua na kuachia tu.

Nilishukuru, webale, neno pekee la Kiganda nililokuwa nalo mbali na kuhesabu. Jajja akanikabidhi karatasi nyingine ya karanga na akakataa kabisa pesa.

Basi la kurudi Nairobi lilinichukua barabarani usiku huo, kiti kibaya kuliko kile cha kwanza na nauli ile ile ya anayetokea Kampala, ingawa kwa kurudi sikuwa na nguvu za kugombana. Tulipofika Namawojjolo, kando ya barabara, wachuuzi wakaja madirishani na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, na ndizi zile wanazoziita gonja. Asubuhi nilikuwa nimepitishwa hapo nikiwa usingizini. Kijiti kimoja cha kuku waliniuzia shilingi 10,000, na niliona ni ghali mno, lakini nilikuwa sijala tangu mchana.

Nikampigia simu mtoto wa khalati. Alikuwa macho. Nilimweleza mechi ya wasichana mwanzo hadi mwisho, nikamweleza kidevu na pumzi na mikono. Alisikiliza kimya. Kisha nikamwambia lile la anayebebwa ndiye anayeruka, na kwamba nilipaswa kumlinda shingo. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika.

"Ule udongo," akasema mwishowe, "ukoje mkononi?"

Nikaangalia viatu vyangu. Tope lilikuwa bado bichi pembeni mwa soli. Nikaligusa, nikamwambia ni laini, linateleza, halina hata punje moja ya jiwe.

"Niletee kidogo."

Nikalikwangua kwa kile kijiti cha kuku, nikalifungia kwenye karatasi ya karanga ya Jajja.