Umeelewa? Ndio dada

Mama yangu kule Tanga mpaka leo anawaambia majirani mwanangu anapima damu Uingereza, na mi nimeacha kumsahihisha, maana nikimwambia siku hizi sipimi sana nasimamia mafunzo ya wanaopima ataniuliza kwahiyo umepandishwa au umeshushwa, na kuna siku kwa kweli hata mwenyewe sijui.

Nilikuja na digrii yangu ya maabara ya Muhimbili nikijua wiki ya pili niko benchi. Thubutu! Huku lile jina la baiomediko sayantisti, yaani mtaalamu wa maabara, linalindwa na sheria, huwezi kujiita hivyo kama hujasajiliwa HCPC, bodi ya huku ya kusajili wataalamu wa afya, kwahiyo nikaanzia mapokezi ya sampuli, bendi 2, ngazi ya chini ya mishahara ya huku, kubandika bakodi, kupakia sentrifyuji, kupokea simu za wodini za watu wanaotaka majibu ya damu ambayo hata haijafika. Usajili ulipotoka maabara yangu ya kwanza (siitaji) ikanipa rundo la SOP, yale maelekezo ya kazi ya maandishi, mchana mmoja, 14 kama sikosei, soma hapa weka saini, soma hapa weka saini, kesho yake nikawa mtu aliyefundishwa. Kwenye faili nimefuzu kutumia analaiza, mashine ya kupimia, ambayo mfuniko wake sijawahi hata kuufungua jamani.

Sasa miaka imepita na hilo rundo liko mezani kwangu mimi. Kijana wa huku akimaliza digrii anatakiwa ajaze potfolio ya usajili ya IBMS, chama cha wana maabara wa huku, kama mwaka hivi wa kukaa benchi na kukusanya ushahidi kwamba anaweza, mwisho anakuja mhakiki kutoka hospitali nyingine anaikagua na kumhoji. Akishasajiliwa anaingia bendi 5, halafu kuna potfolio nyingine ya kubobea kwenye fani yake, iwe kemia, damu, au maikrobiolojia, na hiyo mtihani wake ni kumtembeza mtahini maabara nzima ukimweleza kila kitu huku anakuchokonoa maswali. Bila hiyo bendi 6 utaisikia tu. Juu ya hapo kuna ISO 15189, kiwango ambacho maabara inakaguliwa nacho, kinataka kila mtu athibitishwe uwezo kwa kazi anayoifanya, na si mara moja tu, unarudia rudia.

Kwenye karatasi safi kabisa. Shida ni rostha, ratiba ya zamu. Mafunzo yanataka muda na muda unashikwa na meneja, mtu mmoja akiugua basi cha kwanza kukatwa ni yale masaa 2 ya Jumatano niliyoyapigania mwezi mzima, naambiwa tutakufidia wiki ijayo, wiki ijayo ndio ileile ya wakaguzi. Nimejifunza kuingia kwenye kikao cha rostha kabla haijatoka, sio baada, na kwenda na majina, fulani asipothibitishwa mpaka tarehe fulani hawezi kukaa usiku peke yake, kwahiyo shifti za usiku za mwezi ujao atazifanya nani, wewe? Hapo ndo wanasikia. Neno mafunzo peke yake halimtishi mtu, pengo la usiku linatisha.

Ila rostha nimeizoea, kinachoniumiza kichwa ni hiki kineno "ndio". Tuna kijana wetu mmoja Mkenya, mpole, anajua kazi yake tangu kwao, na kila nikimaliza kumweleza kitu namuuliza umeelewa? Ndio dada. Siku hiyo nilikua nimempitisha sheria za Westgard, zile za kontroli, sampuli ambayo jibu lake unalijua na unaipima kuangalia mashine iko sawa, kwamba kontroli ikivuka SD 3 (SD ni kipimo cha jibu limeenda mbali kiasi gani na wastani) unakataa, na mbili mfululizo zikivuka SD 2 upande uleule unakataa pia maana hapo mashine ina kitu inakuambia. Umeelewa, ndio, tukaweka saini wote wawili. Siku mbili baadae namkuta kontroli ya sodiamu imegoma na yeye anairudia, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne ikapita, akaendelea na wagonjwa kama hakuna kilichotokea.

Nilikasirika kwanza halafu nikaona aibu, maana hata mi nilikua hivyohivyo. Kwetu mwalimu akiuliza mmeelewa darasa zima ndiooo, nani ataanza kunyoosha kidole aseme mi sijaelewa achekwe, na fildi pale Bombo mkubwa wako akikuelekeza unashukuru, humrudishii swali kama unampima yeye. Sio uongo, ni adabu. Tatizo kipotasiamu hakijui adabu.

Kwahiyo hilo swali nimelifuta, siulizi tena. Nasema ni saa tisa usiku, uko peke yako, kontroli imetoka nje na wodi ya dharura inapiga simu, nionyeshe mkono wako unaenda wapi kwanza. Au nakaa mi kwenye kiti nakua mgeni, haya nifundishe. Wazungu wenyewe wanapenda sana, ila wetu wiki za kwanza wanatoka jasho, wanadhani ni mtihani na nimewachukia.

Kitu kingine ni ile tafakari ya kwenye potfolio, wanatakiwa waandike walichofanya, kilichoharibika na kilichowafunza. Wetu wote wanaandika "sisi". Tuligundua, tulirekebisha. Mhakiki anauliza, sawa, lakini wewe ulikua wapi? Kujitaja peke yako kwetu ni majivuno, huku usipojitaja hukuwepo.

Mwezi uliopita simu ikalia saa tisa usiku kweli, mi siko zamu, ni yule kijana. Dada samahani nimekuamsha, kuna potasiamu hapa 8.9, kalsiamu imeanguka chini kabisa, figo ziko sawa na daktari anasema mgonjwa amekaa anakunywa chai, mi sielewi elewi, sijaitoa, nimeomba sampuli nyingine. Nikamuuliza unashuku nini? Kimya kidogo, halafu akasema nadhani mtu amemimina damu ya chupa ya zambarau kwenye ya njano, ile EDTA ya kwenye zambarau, dawa ya kuzuia damu isigande, ina potasiamu na inakamata kalsiamu. Nikamwambia sasa usichoelewa ni nini? Akacheka. Sampuli mpya potasiamu ikaja 4.2.

Asubuhi nikamwambia hicho kisa kiingie kwenye potfolio leoleo kabla hujakisahau. Jioni kikafika kwenye barua pepe, ukurasa mzima, umepangwa vizuri, na sentensi ya kwanza: "Tuligundua kwamba potasiamu ilikuwa juu."

Nimemrudishia.