Nilivyoifanya SSD ndogo kuwa akiba ya diski kubwa

Diski yangu ya terabaiti 4 haikuwa na ubovu wowote. Niliipima kwa smartctl, programu ya kukagua afya ya diski, sekta zote zikawa nzima, na nikinakili faili moja kubwa inakimbia vizuri tu. Taabu ilianza pale nilipowasha mashine pepe mbili (kompyuta zinazoendeshwa ndani ya kompyuta) kwa pamoja, au kufungua folda yenye maelfu ya picha. Kila kitu kiliganda, huku diski ikikoroma mfululizo.

Sababu iko kwenye chuma chenyewe. Diski inayozunguka mara 7200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3 hivi, kwa hiyo kichwa chake hungoja wastani wa milisekunde 4 na ushei mpaka data ipite chini yake. Na hapo ni baada ya kichwa kusogea hadi kwenye mstari unaotakiwa, safari inayokula milisekunde nyingine kadhaa. Ukijumlisha, diski ya namna hii haihudumii zaidi ya maombi mia moja hivi kwa sekunde ikiwa data imetawanyika huku na huku. SSD ya kawaida ya SATA, diski isiyo na kitu kinachozunguka, huhudumia makumi ya maelfu. Nilikuwa nayo moja ya gigabaiti 240, imekaa bure.

Ningeweza kuitumia SSD hiyo peke yake na kuhamishia humo faili ninazozihitaji. Lakini nani ana muda wa kukaa akichagua faili zipi ziingie na zipi zitoke? Kompyuta yenyewe inajua vipande vipi vya data vinasomwa kila mara, basi niliona ni haki kazi hiyo niiachie: SSD iwe akiba (cache), yaani mahali pa kuweka nakala za vipande hivyo ili visomwe haraka.

Kwenye Linux njia zinazojulikana zaidi ni mbili: dm-cache, iliyoingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) toleo 3.9, na bcache, iliyofuata katika toleo 3.10, zote mwaka 2013. Bcache ni nzuri, ila inataka diski iandaliwe upya kwa ajili yake, maana yake data yote uitoe kwanza. Diski yangu tayari ilikuwa chini ya LVM, mfumo wa Linux wa kuunganisha diski katika makundi na kuzigawa sehemu, na LVM inaitumia dm-cache bila kuigusa data iliyomo. Hapo sikuwa na cha kujiuliza tena.

Nilitengeneza nakala rudufu kwanza. Kisha nikasakinisha kifurushi cha thin-provisioning-tools, kwa sababu ndani yake mna cache_check, programu inayokagua akiba kila inapowashwa. Baada ya hapo amri zenyewe ni chache. Kwangu SSD ni /dev/sdb, kundi la diski linaitwa ghala, na sehemu yenye data inaitwa kazi:

pvcreate /dev/sdb
vgextend ghala /dev/sdb
lvcreate -n akiba -L 200G ghala /dev/sdb
lvconvert --type cache --cachevol akiba --cachemode writethrough ghala/kazi

Hakikisha jina la SSD kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski zilizopo, kabla ya kubonyeza Enter kwenye mstari wa kwanza, kwani pvcreate ikielekezwa kwenye diski isiyo yake hasara ni yako. Katika mstari wa tatu, kule kutaja /dev/sdb mwishoni ndiko kunakoilazimisha akiba ikae kwenye SSD. Usipoitaja, LVM inaweza kuitenga kwenye diski ileile ya polepole. Nilichukua gigabaiti 200 tu, nafasi iliyobaki nikaiacha wazi ili SSD ipate pa kupumulia inapopanga upya data yake.

Uamuzi mkubwa ni lile neno writethrough. Katika hali hiyo, kila kinachoandikwa hakihesabiwi kuwa kimeandikwa mpaka kifike kwenye diski kubwa. Ikitokea SSD ikafa, data yako yote bado ipo, utaiondoa tu akiba kwa nguvu na kuendelea na kazi kwa mwendo wa zamani. Hali nyingine, writeback, hupokea maandishi kwenye SSD kisha huyashusha kwenye diski baadaye. Kuandika kunakuwa kwepesi kweli, lakini SSD ikifa kabla ya kuyashusha, mfumo mzima wa faili unaweza kuharibika. Kwa SSD moja iliyokwisha kutumika, mimi writeback siikubali hata kidogo. Mwenye SSD mbili zinazoakisiana na umeme wa uhakika ana haki ya kuifikiria.

Usitegemee mabadiliko papo hapo. Akiba huanza tupu, na dm-cache haikimbilii kuingiza kila kitu. Hupandisha vipande vinavyosomwa tena na tena. Mara ya kwanza mashine pepe iliwaka polepole vilevile. Kadiri nilivyoendelea kuitumia ndivyo ilivyochangamka, mpaka mkoromo wa diski ukawa nadra. Nilifuatilia kwa amri hii:

lvs -o name,cache_read_hits,cache_read_misses ghala

Safu ya kwanza ya tarakimu ni maombi yaliyopatikana kwenye SSD, ya pili ni yale yaliyolazimika kwenda diskini. Ya kwanza ikiipita ya pili kwa mbali, akiba inafanya kazi yake.

Kuna mambo hayakubadilika. Kunakili video kubwa kunachukua muda uleule, maana data iliyopangwa mfululizo diski yenyewe inaimudu, na video unayoitazama mara moja haina sababu ya kukaa kwenye akiba. Kuandika nako hakukuongezeka kasi, kwa sababu ya writethrough. Kama kazi yako kubwa ni kuhifadhi filamu, hela ya SSD iweke kwenye diski nyingine ya nakala rudufu.

Siku SSD ikichakaa, au ukitaka kuipeleka kwingine, amri ni moja: lvconvert --uncache ghala/kazi. Inaifuta akiba na kuirudisha sehemu ya kazi kama ilivyokuwa. Ukishamaliza, vgreduce ghala /dev/sdb inaitoa SSD kwenye kundi, nawe unaweza kuichomoa.