Sauti ya babakoto

Simu ilikuwa imejaa, nikakaa kufuta vitu, nikakuta rekodi ya dakika mbili isiyo na jina. Nikaibonyeza. Mwanangu alikuwa anachora sakafuni, akainua kichwa: "Mama, nani analia?"

Ilikuwa Andasibe, mashariki mwa Madagaska, Novemba 2017. Kazi ya Antananarivo iliisha Ijumaa, ndege ya kurudi ilikuwa Jumatatu. Kilomita kama 140 za kona na malori, usiku mmoja wa baridi, na alfajiri nikawa namfuata mzee mwongozaji kwenye njia ya utelezi. Kaka alikuwa amenipigia siku chache kabla, mambo yale yale ya shamba la baba kule Matombo, na tulikata simu vibaya. Nilikuwa bado nabishana naye moyoni.

Mzee akasimama, akaniinulia kiganja. Ukungu mtupu. Ndipo juu ya vichwa vyetu pakatoka mngurumo, mfupi na mzito, na kutoka ndani yake ikachomoza sauti nyembamba, ndefu, ikapanda, ikakaa hewani, kisha ikaanza kuteremka ngazi kwa ngazi. Kabla haijafika chini, ya pili ikaipokea. Kisha ya tatu. Mmewahi kusikia akina mama wanavyopokezana kilio msibani, mmoja akiishiwa pumzi mwenzake anaendeleza? Ilikuwa hivyo hasa. Walipokoma, ng'ambo ya bonde familia nyingine ikajibu. Nilikuwa nimeshika simu mkononi; sikumbuki niliiwasha saa ngapi.

"Babakoto," mzee akasema. Vitabuni huitwa indri, mkubwa kuliko lemuri wote walio hai leo, wale wanyama wa mitini wa Madagaska, jamaa wa mbali wa kima. Ukungu ulipopanda tukawaona: mweusi na mweupe, masikio ya duara yenye manyoya, uso kama wa mbwa, na mkia kisiki tu, ilhali lemuri wengine wana mikia mirefu. Jike alikuwa amekumbatia shina, mtoto mgongoni. Akakunja miguu, akaruka, mwili ungali wima, akadaka mti mwingine mbali hata nikashika kifua. Akaanza kuchuma majani machanga, na dume akasubiri. Kwao jike ndiye hutangulia kula. Jina jingine la babakoto ni amboanala, mbwa wa msitu. Katika ile amboa ya Kimalagasi nilisikia neno letu mbwa, kama vile omby yao ilivyo ng'ombe wetu.

Kisha mzee akanisimulia, kwa Kifaransa cha polepole ili nimwelewe. Zamani ndugu wawili waliishi msituni. Mmoja akatoka kwenda kulima, akawa binadamu wa kwanza. Mwenzake akabaki mitini, akawa babakoto, na mpaka leo kila asubuhi anamlilia nduguye. Ndiyo maana kumuua ni fady, mwiko. Mwiko huo haukuuzuia moto wa mashamba. Msitu unazidi kupungua, na babakoto hafugiki: hakuna bustani ya wanyama hata moja duniani iliyo naye, kwa sababu kila waliyemchukua alikufa. Njiani kurudi niliona magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara. Nyumbani nami napikia mkaa.

Kwetu mambo yamegeuka: aliyebaki ndiye anayelima. Mimi ndiye niliyeondoka. Jioni ile nilimpigia kaka, akaniambia mvua zimechelewa, nikamwambia huku kunanyesha sana. Hadithi ya wale ndugu sikumsimulia, wala shamba hatukulitaja.

Jana nilimsimulia mwanangu yote, isipokuwa ya mjomba wake. Akafikiri, kalamu mdomoni.

"Na yule aliyeondoka," akauliza, "yeye halii?"

Mzee hakulisema hilo, na mimi sikumwuliza. Mwanangu akaichukua simu, akaiweka sikioni, akabonyeza tena.